Misumari ya Chumba cha Mashoto

Msumari wa sakafu hauna adabu. Ubao ukikauka unasinyaa, na msumari unaanza kuchungulia. Ndivyo nilivyomwambia dada yangu aliponiita, tena kwa ukali, maana nilikuwa nimeacha kazi ya watu.

“Kaka, mtoto ameanza kutambaa,” akasema. “Ukishindwa kuishusha hii misumari, mama anataka nirudi kwake. Na mimi nyumba ya mume wangu siiachi.”

Mumewe alikuwa fundi mwenzangu. Tulimwita Mashoto kwa sababu ya mkono wake. Sakafu ya chumba chao cha kulala aliipigilia mwenyewe, na haukupita muda akafariki.

Nikaigonga misumari yote ikazama. Kesho yake asubuhi imesimama. Nikacheka, kicheko cha mtu asiyetaka kuonekana mwoga, nikaleta misumari iliyosokotwa, ile ambayo ikiingia haitoki bila ugomvi. Asubuhi nayo imesimama, yote upande mmoja wa kitanda, ule aliokuwa akilala marehemu.

Hasira zikanipanda. Fundi gani ashindwe na msumari? Nikang'oa ubao mmoja, nikaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Msumari uliochomoza wenyewe, ncha yake hubaki kali. Hizi zilikuwa zimebonyea. Ziligongwa kutoka chini, na kila alama ya nyundo iliegemea kushoto. Nikachungulia chini ya sakafu. Ilikuwa nafasi ambayo hata paka angepita kwa kuburuza tumbo, na vumbi lake limetulia tuli.

Nikakumbuka. Siku ya kumzika Mashoto, sisi mafundi tulijifanya tunajua heshima, tukamlazia nyundo yake ndani ya jeneza. Mimi ndiye niliyemkunja vidole juu ya mpini.

“Kuna nini?” dada akauliza mlangoni, mtoto kiunoni.

Sikuweza kumdanganya, tumenyonya ziwa moja. Nikamwonyesha zile ncha, nikamweleza habari ya nyundo.

“Funga vitu vyako,” nikamwambia. “Leo hii hii. Mimi naogopa, sikufichi.”

Akazigusa ncha moja moja, taratibu. Chini ya miguu yetu kitu kikagonga, mchana kweupe. Mtoto akacheka.

Dada akanipa mtoto, akaokota koleo langu, akapiga magoti upande ule wa kitanda.

“Amechoka jamani, na yuko peke yake,” akasema, akiung'oa msumari wa kwanza. “Na wewe kutwa unampigilia.”