Bega la Celine na Wenyewe

Jumanne asubuhi Celine alimwomba Batulo ashuke kidogo. Batulo, muuza maziwa wa Majengo, alikuwa amekaa kwenye baraza ya Shauri Moyo ambapo Celine husukia watu nywele, na alikuwa ameshateremshwa kutoka stuli ndefu hadi stuli fupi. Sasa akahamia kwenye beseni lililogeuzwa. Mistari michache baadaye akaombwa akae kwenye mkeka, halafu ashuke ngazi ya baraza kabisa, akae pale chini ambapo watu hupita na mizigo yao kwenda soko la Gikomba.

"Imebaki kaburi tu," alisema Batulo, bila kukasirika. "Huo mkono una nini?"

Mkono wa kulia wa Celine ulikuwa hauendi juu. Ulipanda hadi usawa wa kifua, kisha bega likakaza na kukataa. Wateja wavumilivu walikubali kukaa chini. Wateja wenye sketi za ofisini walikwenda kwa msusi mwingine, na huko Ziwani, nyumbani kwa Celine, mboga ikaanza kukatwa nyembamba.

Lakini lililomuuma Celine zaidi hakulisema. Yeye, anayejulikana Shauri Moyo yote kwa mistari iliyonyooka, hakuwa amesuka wala kuchana nywele zake mwenyewe tangu mvua za masika. Mkono haukufika kichwani. Wasusi wenzake walijitolea kumsuka, akakataa, kwa sababu tangu mama yake afe hakuna mkono mwingine uliogusa kichwa chake. Basi kila asubuhi alifunga kitambaa kwa mkono mmoja na meno, na akipita mbele ya kioo anaangalia kando. Alizitamani nywele zake, na akaona haya kulilia jambo dogo hivyo mbele ya watu wenye shida kubwa.

Batulo alimwelekeza kwa Kavata, Pumwani, juu ya duka la fundi cherehani.

Kavata alikuwa mtaalamu wa viungo. Alikuwa amefanya kazi hospitali miaka mingi, mpaka akachoshwa na wagonjwa wanaomwonyesha kwa kidole mahali pa kushika. Ukiingia kwake ukasema goti, anakushika shingo. Ukisema shingo, anakuvua soksi. Celine alipoingia, mumewe Odera akiwa nyuma yake na gazeti, alisema ni bega.

"Bega tutafika," alisema Kavata. "Mimi hutibu mwili mzima. Lala."

Akaanza na unyayo wa kushoto. Alipobonyeza katikati, Celine aliendelea kutazama dari, na Odera, kwenye benchi, akavuta mguu wake wa kushoto akasema, "Polepole, daktari."

Kavata hakuinua macho. Akabonyeza tena. Odera akakunja gazeti.

"Wewe ni nani wake?"

"Mume wake."

"Vua viatu."

Odera, ambaye ni karani na hakupenda kuvua viatu mbele ya wanawake asiowajua, alivua. Kavata akapanda hadi nyonga ya Celine na kuikandamiza kwa kiwiko. Simu ya Celine ikalia. Alikuwa Owuor, mdogo wake Odera, aliyekuja Nairobi kutafuta kazi na bado anaitafuta akiwa kwenye kochi.

"Shem, niaje," alisema Owuor. "Kuna mtu ananikandamiza kiuno na mpira haujaisha. Mwambie apunguze."

Kavata akaomba simu, akamuuliza kama maumivu yanachoma au yanavuta. Yanavuta, alisema Owuor. Kavata akaandika.

Alipofika kwenye uti wa mgongo, Jacklyne, binti wa shangazi yake Odera, aliyekuja kusomea hoteli na kuletewa chai kitandani, alituma ujumbe kuuliza ni nani anamkanda mgongo. Alipogusa mbavu, simu ikapigwa na Mzee Odero, baba mdogo wake Odera, aliyekuja mjini kutibiwa jicho. Jicho lilipona. Yeye hakurudi kwao Ugenya. Na kwa kuwa baba mkwe halali nyumba moja na mkaza mwana, alikuwa akilala kwa Wafula, jirani. Kula alikula kwa Celine. Heshima ilimkataza kumshika Celine mkono, ila haikumkataza kilichopikwa na mkono huo.

Kwa kuwa mtu akianza kazi aimalize, Kavata aliagiza wampigie pia Akoth, mtoto wa Celine, aliye shule ya bweni. Akoth hakuwa amehisi kitu. Huko shuleni alikuwa akijifulia nguo mwenyewe.

"Basi huyo hayumo," alisema Kavata, akanawa mikono. "Mama, mwili wako ni mkubwa kuliko ulivyoniletea. Una watu wanne ndani, na wote wameegemea bega moja. Siwezi kutibu kipande. Alhamisi lete mwili wote."

Alhamisi mwili wote ulitoka Ziwani ukatembea hadi Pumwani, Odera mbele, Celine nyuma akiwa amebeba mfuko wa vitafunio. Chumba cha Kavata kilijaa. Kavata alitandika mikeka, akawalaza. Tatizo likawa Mzee Odero, ambaye hangeweza kulala chini mahali mkaza mwana amelala. Mambo kama hayo huleta mikosi, na hapo hakuna aliyebisha, hata Kavata, ambaye kwao Makueni pia wana mambo yao. Mzee akakaa kwenye korido na kofia yake, mgongo kwa mlango, na akatibiwa kupitia mbavu za Celine.

"Nyar Gem," alimwita kutoka kule, yaani binti wa Gem, kwa jina la kwao Celine kama ilivyo adabu. "Hapo. Mwambie asitoke hapo."

Kavata alifanya kazi hadi jasho likamtoka. Alikuta makalio ya Owuor yamesahau kazi yake. Alikuta shingo ya Odera imezoea kugeuka upande mmoja tu, ule wa jikoni, kuona kama chakula kimeiva. Aliwanyoosha, akawapinda, kisha akawasimamisha wote, mzee huko korido pia, akasema kila mmoja asimame kwa mguu mmoja, bila kushika ukuta wala mtu.

Wakasimama. Na mkono wa Celine ukaanza kupanda. Ulipita kifua, ukapita kidevu, ukafika sikio. Owuor alipochoka akashika dirisha, mkono ukashuka hadi kidevu. Kavata akampiga Owuor kikofi cha mkono, akaachia dirisha, mkono ukapanda tena.

"Mmeona?" alisema Kavata.

"Tumeona," alisema Odera, kwa ile sauti yake ya kufunga mkutano.

"Basi dawa ni hiyo. Kila siku. Kila mtu ajibebe mwenyewe. Mmenielewa?"

Wakasema wameelewa kabisa, na hawakuwa wanadanganya.

Tangu Ijumaa, kila asubuhi, watu wa nyumba ile ya Ziwani walisimama kwa mguu mmoja. Hawakukosa hata siku moja. Odera alisimama karibu na redio, Owuor mbele ya kochi, Jacklyne kando ya kitanda, na Mzee Odero barazani kwa Wafula, ambaye alizoea na kuanza kupita upande wa pili. Nyumba ni chumba kimoja na jiko, kwa hivyo Celine, aliyeamka kabla yao kuwasha jiko, alipita katikati yao na chai ya moto, akiinama chini ya mkono wa huyu na kuruka mguu wa yule. Aliwapa vikombe wakiwa wamesimama hivyo hivyo. Odera alimkumbusha asimguse, asije akapoteza mizani na kuharibu matibabu.

"Tunajitahidi kwa ajili yako, Mama Akoth," alimwambia.

Celine alishukuru. Na kusema kweli, bega lililegea. Wiki ya pili Batulo alisukwa akiwa kwenye mkeka, ya tatu kwenye beseni, halafu akarudishwa kwenye stuli ndefu, ambapo alikaa ametulia akitazama watu kwa juu. Wateja wa sketi za ofisini wakarudi. Mboga nayo ikarudi unene wake.

Jumapili moja baada ya kanisa, watu wakiwa wameshiba, Celine aliketi mlangoni, kioo kikiwa kimeegemezwa kwenye dumu, akafungua kitambaa. Nywele zilikuwa zimejisokota na kufifia. Hakuangalia kando. Akainua mkono wa kulia, ukaenda moja kwa moja hadi utosini.

Ndani, mkono wa Odera ulitoka kwenye kiti ukaenda utosini kwake. Wa Owuor ukafuata, na wa Jacklyne, na kule kwa Wafula kofia ya Mzee Odero ikaanguka. Celine alichana, akagawa, akaanza mstari wa kwanza, na vidole vya watu wote vikasuka naye hewani, bila mtu kuacha alilokuwa akifanya. Alifurahi sana. Machozi yalimtoka akayaacha yateremke, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Mstari wa kwanza ulinyooka. Wa pili ulinyooka zaidi.

"Maji yamekuja," alisema Jacklyne.

Ziwani maji yakija hayangoji. Wote walimtazama Celine, kwa upole, kama watu waliougua pamoja naye.

"Na naona mkono uko sawa kabisa sasa," alisema Odera. "Asifiwe Bwana."

Celine akafunga kitambaa juu ya mistari miwili, akachukua mitungi, akaenda mferejini. Alikuta foleni, akangoja, akajaza, akabeba mmoja huku na mmoja huku. Alipoinua, ndani ya nyumba mabega yalivutwa chini yote kwa pamoja. Owuor aliweka simu kando. Odera alikaa, akaona kukaa hakutoshi.

Aliporudi aliwakuta wamelala chali, kila mmoja ameshika bega lake la kulia, na kwa Wafula mzee akisikika anakohoa kwa uchovu.

"Maji ya leo yametumaliza," alisema Odera, macho yamefumbwa.

"Poleni na kazi," alisema Celine. Akamimina maji kwenye pipa, akaona bado halijajaa, akachukua mitungi akarudi.