Kiganja cha Djouher

Watu wa filamu walipofika kijijini kutoka Algiers, waliichagua chemchemi, palepale askari wa Kifaransa walipoulaza mwili wa Djouher wakati wa vita vya uhuru. Walikuwa wamesimuliwa habari za msichana huyo aliyepanda mlimani kwa wapiganaji, akauguza majeruhi, akashika bunduki, akateremshwa maiti.

Nusu ya pili hawakusimuliwa. Askari walimlaza kwenye njia ya wanawake wachota maji, wakasubiri. Atakayelia ndiye mama, na nyumba yake itachomwa moto. Mama yake, Ouardia, alipita na mtungi mgongoni. Akateka maji, akarudi kwa njia ileile, kwa sababu nyumbani alikuwapo Taous, binti mdogo. Djouher akazikwa na askari pasipojulikana, viganja vitupu, ingawa mwali anayekufa kabla ya kuolewa huzikwa na hina kiganjani kama bibi harusi.

Kwa hiyo mwongozaji wa filamu alipomwomba Ouardia aigize mama mwenyewe, autupe mtungi, amwangukie binti na kulia, Taous, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, alijua mama yake atakataa. Ouardia hakukataa. Asubuhi ya kupiga picha alifunga hina kwenye pindo la kitambaa chake.

Mwigizaji wa Djouher aliitwa Nassima, msichana wa mjini, mcheshi. Alipolala kwenye mawe na damu yake ya rangi, alilalamika kwamba jiwe linamchoma mbavu na maiti hana ruhusa ya kujikuna. Wanawake wakacheka. Ouardia alikuwa akitazama nywele zake zilivyomwagika.

Walipoambiwa waanze, Ouardia aliteremka na mtungi. Akamfikia msichana, na miguu haikusimama. Akapita, akateka maji, akarudi, macho mbele. Mwongozaji akamweleza kwa upole kwamba hapo ndipo pa kulia. Akarudia, akapita tena. Akarudia tena, akapita. Wanawake wakaanza kunong'onezana, na jirani yake Zahwa akachoka kusimama juani.

"Ouardia, dada yangu, Wafaransa walishaondoka. Lia basi, twende tukapike."

"Najua walishaondoka," Ouardia akasema. "Iambie miguu hii."

Mwishowe Zahwa ndiye aliyeutupa mtungi, akalia vizuri mno. Ouardia akaambiwa apite tu kwa nyuma, kama mchota maji yeyote.

Kazi ilipokwisha, Nassima alikaa ukingoni mwa chemchemi akijiosha damu. Ouardia akaketi kando yake, akaiponda hina kwa maji, akamwomba mkono. Msichana alidhani ni baraka wanayopewa wageni, akautoa. Ouardia akaipaka katikati ya kiganja, akakifunga kwa kitambaa, akakipakata mpaka jua likapinda.

"Sasa nenda, mwanangu," alisema.

Mwongozaji alipoliona lile doa alishika kichwa. Ouardia angejuaje kwamba watu wa filamu huweza kupiga picha za kifo kwanza? Kesho yake Djouher alitakiwa awe hai, mlimani, viganja bila hina. Walijaribu ndimu, wakajaribu sabuni ya kufulia, hina haikutoka. Nassima, ambaye Taous alikuwa ameshamweleza yote, akawaambia wamfunge bendeji waendelee na kazi. Kwani mpiganaji gani hana jeraha?

Mwaka uliofuata filamu ililetwa kijijini, shuka jeupe likatundikwa kwenye ukuta wa shule. Djouher akapanda mlima, akacheka, akalenga bunduki, mkono wake umefungwa tangu mwanzo. Ouardia akamminya Taous kidole.

"Umeona? Anayo," alinong'ona. "Alikwenda nayo."

Taous alikumbuka kwamba kifo ndicho kilichopigwa picha kwanza, kabla ya hina.

Kisha ikaja chemchemi. Bendeji haikuwapo. Kiganja cha maiti kilikuwa wazi juu ya mawe, kitupu, kimeenea ukutani. Ouardia akakiachia kidole cha bintiye. Zahwa wa kwenye shuka akatupa mtungi na kulia, na wanawake wote uani wakalia naye. Nyuma yake akatokea mwanamke mwingine, mtungi mgongoni, akiteremka bila kugeuza shingo.

"Simama," Ouardia alimwambia, kwa sauti ndogo ya kumsihi mtu. "Simama, wewe mama."

Mwanamke akaufikia mwili, akaupita, akatoka upande wa pili wa shuka.