Tuta Mbele ya Ukuta

...maana wote huuliza, kila mgeni anayeingia kichochoro hiki lazima aulize, na huyu dereva wa teksi naye keshasimama mbele ya tuta, mguu kwenye breki, shingo kainyoosha juu ya usukani, "Mama, tuta la nini tena huku mwisho? Si njia inaishia pale ukutani?", na yeye aliyekaa kiti cha mbele na mfuko wa dawa mapajani anawaza aanzie wapi, ni kweli njia inaishia ukutani, nyumba chache tu, magari yenyewe ya kutafuta kwa tochi, na bado kuna tuta refu kuliko yote ya barabara kuu, kuna kibao cha chuma PUNGUZA MWENDO, kuna na ile mistari myeupe ya kuvukia inayotoka getini kwao na kwenda kugota kwenye ukuta wa jirani usio hata na mlango, hiyo ilichorwa na kamati ya mtaa, kwa huruma, walikuwa na rangi iliyobaki, na wapita njia hucheka, jamani, huku mnavuka kwenda wapi, mnapenya ukutani kama majini? wacheke, meno ni yao... na nyuma yake mumewe amelala chali kwenye kiti, magoti juu, mgongo umefunguliwa na kushonwa majuzi tu, na daktari alisema mtikisiko mmoja mbaya, mmoja tu, basi miguu ile hataisimamia tena, akauliza, "Njia ya kwenu ikoje, mama?", naye akajibu nzuri tu daktari, kwetu kumetulia, kumetulia! mdomo huu nao, tuta limemtoka kichwani kabisa, au halikumtoka, Mungu ndiye ajuaye... "Tumshushe tumbebe, au nipite polepole?" anauliza dereva, mtu mzima, mpole, hana haraka, na injini inanguruma, na yeye analitazama tuta, limechakaa mgongoni kwa kukanyagwa, na aliyelikanyaga ni mmoja, mumewe, maana ndivyo yeye mke alivyotaka, tuta ni lake yeye, hakuna asiyejua, mwenyekiti wa mtaa alipokuja kumpa pole akamuuliza tukusaidie nini mama, akasema nataka tuta, hapa, na kidole akakielekeza palepale, wanawake wakalia, maskini, kafiwa na mtoto na bado anawawazia watoto wa wenzake, thubutu! hakuwa anamwazia mtoto wa mtu, alitaka baba mtu apite juu yake kila asubuhi akienda karakana na kila jioni akirudi, magurudumu ya mbele, pu, ya nyuma, pu, na yeye huko jikoni, mikono ndani ya maji ya vyombo, asikie na moyo wake useme haya, onja... na mume ndiye aliyelijenga, kwa mkono wake, fundi wa kuchomelea mageti akageuka mwashi, akachanganya mchanga na saruji, akamwaga, akauliza "Inatosha?", akamwambia ongeza, akaongeza, "Hapo?", ongeza, akaongeza, hakubisha, hata kibao akakichomelea mwenyewe bila kuambiwa, na angeweza kabisa kuliacha gari kule kwenye kona, mbele ya duka, kama anavyofanya mwalimu jirani yao anayeogopa kuharibu shokomzoba, lakini hapana, kila siku ya Mungu amelipanda na kulishuka, na mgongo wenyewe umekufia hapo, ukiniuliza, ingawa daktari anasema ni vyuma vizito, ni kazi, ni umri...

...sikupiga, alimwambia mumewe, sikupiga mimi, na bado anayasema hayo kila siku kimoyomoyo, sikupiga, kwa sababu kazi yao ya asubuhi ilikuwa na utaratibu wake, pikapu ya mume ilikuwa na mngurumo wa kuziba masikio, huwezi kumwita mtu akasikia, kwa hiyo yeye husimama nyuma na kupiga bodi kwa kiganja, makofi mawili, rudi, kofi moja, simama, miaka yote, na Bibi Mdogo pembeni yake kashika upindo wa gauni, Bibi Mdogo, mtoto wao aliyeitwa hivyo kwa uzee wake, mikono kiunoni, mtandio wa mama kichwani unaburuta mpaka chini, akimgombeza paka, wewe paka, huna adabu wewe, mimi nimechoka na mambo yako, kila neno la mama, kila mkao wa mama, watu wakifa kwa kucheka... na asubuhi ile geti la mteja lilikuwa limesimamishwa nyuma ya pikapu limeziba kioo chote, na maziwa yakaanza kufoka jikoni, akapaza sauti ningoje nizime jiko, akakimbia ndani, na alikuwa ameshika sufuria, bado anaiona, mpini wa moto, tambara halionekani, aliposikia gari linarudi, linarudi vipi, nani kamwambia arudi... "Nilisikia umepiga," alisema mume, sakafuni sebuleni, ndugu wote wamekaa, "nilisikia makofi, mke wangu, mawili," naye akasimama, mtu aliyekuwa hawezi kusimama kwa kilio akasimama, "Umuue wewe, unisingizie mimi? Sikupiga!", na mume akamtazama, akafungua mdomo, akabaki hivyo, mdomo wazi, kisha akaufunga, na hakulisema tena neno lile, si siku ile, si mwaka ule, si walipogombana, si alipolewa mara ile moja, akanyamaza jumla, na yeye akajua, akajua kabisa, kwamba mwongo kaishiwa...

"Mama?" anasema dereva, na kabla hajamjibu inasikika kutoka nyuma, pa, pa, kiganja kwenye mlango, mume hana sauti ya kuita, zile dawa zimeimaliza, kwa hiyo amepiga mlango pale mkono ulipoangukia, chini, karibu na sakafu ya gari, makofi mawili mepesi, dereva anacheka, "Haya, mzee anasema twende," lakini yeye hacheki, amegeuka nyuma, kwa sababu sauti ile imetokea chini, chini kabisa, usawa wa goti, na yeye mkono wake siku zote ulipiga juu, begani pa gari, kwa nguvu, na hii ni nyepesi, ya kiganja kisicho na nguvu, kiganja kidogo... ya chini... ee Mungu wangu... nani mwingine alikuwa anayajua makofi mawili, nani mwingine alisimama pale kila asubuhi akiutazama mkono wa mama, mikono kiunoni, mtandio unaburuta, mama kaingia ndani, gari linanguruma, kazi imesimama, na kuna mtu mmoja tu wa kuifanya... mume hakudanganya, alisikia, alisikia kweli, na pale sebuleni, mdomo wazi, ndipo alipojua ni nani, mbele ya macho yangu alijua, na akaufunga mdomo, kwa sababu angelimaliza lile neno mimi ningeutazama mkono wangu huu uliomfundisha mpaka naingia kaburini, akaona heri aitwe mwongo, akaona heri muuaji, akachanganya saruji, ongeza, akaongeza, ongeza, akaongeza... baba wa watu, baba wa mwanangu, umeyabebaje... na nyuma tena, pa, pa, pita tu, mimi nimezoea, ndivyo anavyosema huyo, na dereva anaingiza gia, na yeye mke anafungua kioo, anautoa mkono nje, mkono uleule, na anaupiga mlango wa teksi kofi moja, moja tu, kwa nguvu zake zote, ingawa gari muda wote lilikuwa limesimama.