Mkono wa Arvid

"Siyo kwenye mtutu, binti. Shika hapa tumboni, ndipo inapokaa sawa."

Janelle akapitisha kiganja chini ya bunduki kama baba mkwe wake, Verl Sandvik, alivyomwelekeza. Ilikuwa bunduki ya wenzo, ya zamani, mojawapo ya zilizopangwa mezani kwenye maonyesho ya bunduki, zile ambazo mtu husukuma wenzo chini ya kifyatulio kila anapotaka risasi nyingine. Chuma chake kilikuwa cheusi chenye ubuluu, isipokuwa pale kiganja chake kilipoangukia. Pale palilika, pakabaki kijivu na laini.

"Umeona?" Verl akasema. "Kuna mtu kaibeba hivi miaka nenda miaka rudi. Ya marehemu baba ina alama hiyohiyo. Nikiweka mkono pale, ni kama nimempa Arvid mkono."

Janelle akairudisha mezani polepole, akajifanya anatazama meza inayofuata.

Ya Arvid haikuwa na alama tena. Janelle aliiondoa mwenyewe. Wakati huo ilikuwa karakanani kwake imefunikwa blanketi, ikingoja Jumapili, Verl atakapotimiza miaka themanini. Tangu nyonga ya mzee iharibike, hakuwa akipanda tena ghorofani kwenye kabati la bunduki, kwa hiyo hakujua kama ilitolewa. Kazi ya Janelle ni kufufua samani za watu wa Lewistown: viti, meza, makabati ya urithi. Vitu humfikia vimechakaa, huondoka vinang'aa, na wenyewe humkumbatia. Majira yote ya baridi, wateja wakishaondoka, aliishughulikia bunduki ile. Akapiga kitako msasa hadi mikwaruzo ikaisha, akakipaka mafuta. Akakwangua chuma hadi kikawa cheupe, kisha akakitia dawa kikarudia weusi usio na doa. Mumewe, aliyekuwa safarini na lori lake, alipotumiwa picha alijibu: Mzee atazimia.

Ukumbi wa maonyesho ulinuka mafuta ya bunduki na kahawa iliyochemka mno. Verl alisogea na mkongojo wake meza hadi meza, akisalimiana na wazee wenzake, hadi wakafika kwa Hap Dreyer, muuzaji mwenye tumbo na kofia yenye jasho.

"Verl! Bado hujafa tu?"

"Nakungoja wewe utangulie, nije mnadani nijichukulie vyako bure."

"Utangoja sana."

Katikati ya meza ya Hap palikuwa na bunduki moja inayometa kama kiatu cha bwana harusi. Verl akaiinua, akaipindua, uso ukamkunjamana.

"Nani kaiogesha hii?"

"Mtoto wa mjane mmoja. Kaisugua mwenyewe, eti apate kuiuza vizuri. Nikamwambia, mwanangu, hata maiti hupambwa, lakini haamki."

Wazee wakacheka. Janelle naye alicheka kidogo, kisha akaacha. Akasema anasikia njaa.

Walipoketi penye chakula, kila mmoja na kipande chake cha pai ya tufaha, Janelle hakukigusa chake.

"Baba, ile ya Arvid nimeisugua."

Verl akaacha uma hewani. "Kidogo?"

"Yote. Nilitaka uipate Jumapili ikiwa mpya."

"Na pale tumboni?"

"Na pale."

Mzee akaweka uma chini. Nyuma yao mtu alikuwa akibishana kuhusu bei, akipiga meza kwa kiganja.

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilitaka kukushtua."

"Basi umenishtua," akasema. "Twende nyumbani."

Janelle aliendesha gari huku akitafuta maneno ya kuomba radhi. Kila alilolipata alililinganisha na kile alichokifanya, akaona halitoshi, akaliacha.

Karakanani Verl aliondoa blanketi mwenyewe. Akashusha wenzo, akahakikisha hamna risasi, akaurudisha. Ukalia.

"Sauti ni yake," akasema. Akapitisha kidole kwenye mbao. "Ungekuwa umenifanyia kiti, ningekubusu."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekasirika, Janelle. Niache nikasirike kwanza."

Akatoka nayo, mkono mmoja mkongojo, mwingine bunduki. Akafuata ua wa nyaya kuelekea malishoni, akikanyaga tope na mabaki ya theluji ya Machi. Janelle akamfuata kwa mbali, maana aliogopa ataanguka, na aliogopa zaidi kumkaribia. Penye lango mzee alisimama, akahema, akaegemea nguzo. Alikaa hivyo hadi Janelle akamfikia.

"Nyonga imekataa," akasema bila kumtazama. Akampa bunduki.

Janelle akaipokea. Ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka ikiwa imebanwa kwenye meza ya kazi.

"Baba alikuwa anapita nayo hapa kila asubuhi," Verl akasema. "Hadi kule kwenye kijito, akaangalie ndama."

"Ni mbali?"

"Mbali kiasi."

Mnyororo wa lango ulikuwa umeganda kwa kutu. Verl akahangaika nao hadi ukaachia, akalisukuma lango kwa bega. Ng'ombe waliokuwa karibu wakainua vichwa. Mzee akatangulia polepole, akaliacha lango wazi nyuma yake. Janelle akapitisha kiganja tumboni mwa bunduki, akamfuata.