Dirisha la Bi Ersilia

"Vitunguu asubuhi, vitunguu jioni! Nguo zangu zinanuka kama jiko la hoteli!"

"Anika chumbani basi, mama. Mwaka wa hamsini na tano huu nakaanga hapa, hajafa mtu."

Hao ni Bi Carugati na Bi Ersilia wa ghorofa ya tatu, kila mmoja kichwa nje ya dirisha la jiko lake. Kati ya madirisha hayo mawili ni urefu wa mkono tu. Bi Carugati amehamia Machi, na siku hiyo alishamleta fundi na matofali azibe la kwake. Bi Ersilia ni mjane, goti limemkataza ngazi. Dirisha la jiko lake ndilo baraza lake. La jirani likizibwa, atabaki anasalimiana na ukuta.

Mimi ni mlinda mlango wa jengo, na siwezi kusikia ugomvi nikakaa. Nikapanda kwa Bwana Garbagnati wa ghorofa ya tano, msanifu aliyelichora jengo letu akiwa kijana. Ukimwona na sweta lake lenye tundu huwezi kumdhania. Maghorofa marefu hapa Milano ni yake, maktaba kule Torino ni yake, na taa ya mezani aliyoibuni haikosekani kwa mtu mwenye uwezo. Wanafunzi hutoka mbali kuja kupiga picha madirisha yetu, maana nyumba zote za watu alizochora baadaye aliziweka hivyo hivyo, jiko kutazamana na jiko.

Akashuka nami, akaingia jikoni kwa Bi Carugati na mkongojo wake. Nikangoja hotuba.

"Haya madirisha yalikuwa kosa," akasema.

"Umesikia, fundi? Mwenyewe kasema! Chapa kazi!"

"Kosa kabisa. Nilichora kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, msimamizi wa ujenzi akaishika kinyume, majiko yakatazamana. Nikaja na watu wa nyundo tubomoe." Akanyoosha mkongojo ng'ambo, kwa Bi Ersilia. "Huyu alikuwa bibi harusi, wiki ya kwanza. Nikamkuta kainama hapo, anampa jirani birika la kahawa. Hata majina walikuwa hawajajuana. Nikawarudisha wenye nyundo. Sifa zote ninazopewa, nimeziiba kwa huyu."

"Na birika lenyewe halikurudi," akasema Bi Ersilia.

Fundi akaangua kicheko. Bi Carugati hakucheka. Pua yake ilikuwa imeshavuka ng'ambo kufuata harufu ya sufuria.

"Leo umepika nini?"

"Wali wa zafarani na mguu wa ndama."

"Umetia uboho?"

"Kwani mimi mtu wa Roma? Wali wa Milano bila uboho ni wali gani?"

Bi Carugati akatazama matofali, akatazama sufuria.

"Fundi, yashushe chini hayo. Lakini vitunguu upunguze, Bi Ersilia."

"Sipunguzi. Zunguka mlangoni, njoo ule kabla haujapoa. Na fundi wako. Na wewe mzee, acha kusimama kama ghorofa lako, karibu ndani."