Milimita Arubaini na Nne

Jumatatu asubuhi, katika hospitali moja ya binafsi mjini Kisimayu, Tima alimlaza Kamanda wa wanamgambo kwenye mashine ya skani, akamfunga mkanda wa kichwa, akaenda kutazama picha. Uvimbe ulikuwa palepale, nyuma ya jicho la kushoto. Ulikuwa mtu mzima aliyelala kiubavu, mikono imefungwa nyuma kwa kamba, taya limevunjika.

Safari hii Tima alimtambua. Ni baba yake, Famau, fundi wa mashua wa kisiwa cha Koyama, aliyepigwa vitako vya bunduki mbele ya wanawe mwaka wa tisini na moja, kisha akatupwa baharini. Aliyempiga ndiye huyu aliyelala kwenye mashine.

“Mchu uyu ni babangu,” alimwambia Daktari Walidi.

“Pima, Tima.”

Akapima. Alivuta mstari kutoka utosini hadi nyayoni, akaukatiza na mwingine mabegani: milimita arubaini na nne kwa ishirini na sita. Mwezi uliopita zilikuwa thelathini na moja kwa kumi na tisa. Walidi alipozisoma kwa sauti, mlinzi wa Kamanda alimtwanga kitako cha bunduki mdomoni, maana mkubwa wake hakuagiza nyongeza. Meno mawili yakaangukia kibodi. Tima akayaokota, akafuta damu, akachapisha picha.

Kamanda akaitazama. Alisema anamkumbuka, mzee alikuwa mbishi, hakufa upesi. Siku hizi anamsikia akigonga fuvu kwa kisogo. Anakwenda Uturuki kupasuliwa.

Tima alimchukia, lakini alikuwa na haja naye. Mama yake alikaa eda bila kaburi, na mpaka leo hana pa kwenda kumsomea mumewe Yasini.

“Wakimtoa, niletee,” akasema. “Nimzike.”

Kamanda akajibu inshallah.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, na Tima alishangoja miaka thelathini na ushei. Kwa kipimo kile kile alikata sanda ya vitambaa vitatu, kila kimoja kidogo kuliko leso ya mfukoni. Huko Koyama, nduguye Mzamil akachimba kaburi la shubiri moja, lenye mwanandani wake wa kulaza maiti.

Mwezi wa Shaabani Kamanda akarudi, amenenepa, ana kovu kichwani. Tima akampiga picha. Nyuma ya jicho palikuwa patupu, akaandika kwamba hakuna cha kupimwa. Kisha akamuuliza alipo baba yake.

“Walimchoma, pamoja na mabandeji,” Kamanda akasema, akivaa viatu. “Waliniuliza kama ana mwenyewe. Nikasema hana.”