Mshipa wa Fahamu

Kornelio alikuwa mchonga vinyago, Mmakonde wa Newala aliyehamia Keko na mkewe Rosalia miaka michache baada ya Uhuru. Katikati ya miaka ya sabini alianza kugonga mabega kwenye miimo ya milango na kujikata vidole kwa patasi. Siku aliyokwenda zahanati, huko Temeke, Rosalia alikuwa kwenye foleni ya unga, kwa hiyo alikwenda peke yake.

Daktari wa macho alikuwa mgeni kutoka Polandi, hajui Kiswahili. Mkalimani wake alikuwa nesi Bernadeta, aliyesomea kazi yake kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa ametoka kwenye semina ambako waliambiwa wananchi waelezwe maradhi yao kwa lugha yao. Neva sasa ni mishipa ya fahamu, homoni ni vichocheo, na ndani ya sikio kuna ngoma. Bernadeta aliyapenda maneno hayo. Alikuwa akiyakariri jikoni huku akichambua mchele.

Daktari alimmulika Kornelio machoni kwa muda mrefu, kisha akasema maneno machache. Bernadeta akayageuza.

"Ndugu Kornelio, mshipa wako wa fahamu unakufa. Sehemu iliyokwisha kufa hairudi tena."

Kornelio aliuliza, "Fahamu?"

"Ndiyo, mshipa wa fahamu. Ugonjwa huu unakwenda polepole."

"Watu watajua?"

"Mwanzoni hawatajua. Baadaye watakuona wenyewe."

"Na wanangu?"

"Huenda wakarithi. Walete wapimwe. Sasa nenda dirishani ukachukue dawa."

Kornelio alisimama, akashukuru kwa adabu, akalipita dirisha la dawa na kutoka nje. Jioni Bernadeta alikiona kichupa cha matone kikiwa palepale. Akawaza kumtuma mtu kwa balozi wa nyumba kumi wa Keko akamtafute. Lakini siku ilikuwa imemchosha, akajiambia mgonjwa atarudi mwenyewe.

Hakurudi. Kaka yake mkubwa, Romani, alikuwa amepatwa na wazimu kule Newala, akafungwa kwa kamba kwenye nguzo ya nyumba hadi alipofariki. Kornelio alikuwa akimpelekea uji. Kwa hiyo aliposikia fahamu zinakufa, bila macho kutajwa, alijua anakokwenda.

Alipofika nyumbani alikusanya patasi zake zote na tezo, akampa jirani. Rosalia alipouliza, alijibu kwamba amechoka kuchonga. Akaanza kulala barazani. Watoto wakimkimbilia, aliwasukuma. Kila alipojikwaa au kumpita mtu bila kumwona, alisema moyoni, umeanza. Akaenda kwa mganga Kisarawe, akanyolewa, akafukizwa, akarudi akiona vibaya vilevile kama alivyokwenda. Hakumwambia mkewe neno.

Siku moja aliuweka mguu katikati ya jiko lenye makaa, akaungua vibaya. Alipokuwa akifungwa kidonda ndipo Rosalia alipopitisha kiganja mbele ya uso wake. Macho hayakucheza. Akamshika mkono, akamrudisha zahanati.

Bernadeta alimtambua. "Ndugu Kornelio! Mbona hukurudi kuchukua dawa ya macho?"

"Macho?" alisema Kornelio. "Si uliniambia napata wazimu?"

"Mimi?"

"Ulisema fahamu zangu zinakufa. Nikakuuliza kama watu watajua, ukasema wataniona wenyewe."

Bernadeta alimweleza kwa maneno ya kawaida: nyuma ya jicho kuna kamba nyembamba inayopeleka habari kwenye ubongo. Presha ilikuwa imepanda ndani ya macho yake na kuibana kamba ile. Matone yangeishusha.

"Kwa hiyo sikuwa kichaa," Kornelio alisema.

"Hukuwa kichaa hata siku moja."

Kornelio aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Mtu asingejua kama anacheka au analia. Rosalia hakulia. Alimtazama Bernadeta usoni.

"Muda wote huu mume wangu amelala nje kama mbwa ili asituue," alisema. "Mtoto wetu mdogo anamwogopa baba yake. Neno moja tu, dada. Ungemuuliza amelielewaje."

"Nisamehe, dada Rosalia."

Rosalia alimgeukia mumewe.

Daktari alimpima tena, akatikisa kichwa. Hapakuwa na cha kuokoa. Bernadeta akaomba watoto waletwe, na safari hii alikwenda Keko mwenyewe kuwachukua. Binti yao mkubwa, Jovina, alikutwa presha ya macho imeshaanza. Akaanzishiwa matone mapema.

Tangu hapo Bernadeta hakumruhusu mgonjwa atoke kabla hajamwambia, "Hebu nieleze wewe, nimekuambia nini." Wenzake walilalamika kwamba anachelewesha foleni.

Kila mwezi alipeleka dawa ya Jovina kule Keko kwa miguu yake. Kornelio, ambaye sasa alikuwa akilala ndani, alimkaribisha barazani na kumuuliza habari za kazini. Walizungumza vizuri, na mara nyingine Kornelio alimchekesha. Rosalia alipokea kichupa, akakiangalia kwenye mwanga, akaingia nacho ndani. Hakuwahi kumpa hata maji ya kunywa, na Bernadeta hakuwahi kuomba.